Nini Kiwekwe Kwanza Rafuni? Mhadhara juu ya Maktaba ya Umma Mjini Kolwezi



Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi nchini Kongo, watu waligundua kwamba chini ya nyumba zao kuna kobalti. Haikuchukua muda, mashimo yakafunguka uani, jikoni, hata ndani ya vyumba vya kulala. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, wakaja pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, kupima. Walichukua vumbi la majumbani, wakachukua damu na mkojo wa wakazi, wakubwa kwa wadogo. Matokeo yakachapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature Sustainability. Miili ya watu walioishi katikati ya mashimo ilikuwa na kobalti nyingi kuliko ya majirani waliokaa mbali kidogo, na watoto ndio waliozidi wote.

Makala hayo yameandikwa kwa Kiingereza. Yanasomeka Brussels, London na Beijing.  Sasa niambieni, mama wa Kasulo aliyetoa mkojo wa mwanawe ukawekwa katika chupa, ayasomee wapi? Aende ofisi gani, agonge mlango gani, aseme, "Nataka kuona kilichoandikwa juu ya mtoto wangu"?

Katika mji wowote ulio na mpango, mlango huo ni wa maktaba ya umma. Jioni hii nataka kuwashawishi kwamba maktaba ya umma ya Kolwezi ianze hapo. Rafu yake ya kwanza ibebe maandishi yanayoamua maisha ya watu wa hapa, yawe katika lugha wanayoielewa, na awepo mtu wa kukaa nao na kuwasomea. Riwaya zitafuata, kompyuta zitafuata, nami nazitaka zote. Lakini tukianza na hizo, tutajenga chumba kizuri ambacho mchimbaji atapita nje yake miaka kumi bila kuingia.

Mfano wa kwanza ni bei. Twende Musompo, kwenye depo za wanunuzi wa madini. Mchimbaji anashusha mifuko yake. Mnunuzi anachota mawe kidogo, anayaponda, kisha anayalenga kwa kile kifaa chenye umbo la bastola ambacho kila mtu hukiita Metorex. Namba inatokea. Hiyo ndiyo teneur, kiwango cha kobalti kilichomo ndani ya jiwe. Pembeni kuna kibao kilichoandikwa kwa mkono, asilimia upande huu, bei ya kilo upande ule. Asilimia ikishuka kwa moja, kazi ya siku nzima ya watu watano waliokuwa shimoni inashuka nayo. Mchimbaji hana kifaa chake. Mara nyingi hana pia njia ya kujua kama bei iliyo kibaoni inafanana na bei ya dunia ya asubuhi ile, au ilipitwa wiki iliyopita.

Maktaba haiwezi kumnunulia kila mchimbaji Metorex. Inaweza kuweka ubao mlangoni, na kila asubuhi mkutubi akaandika kwa chaki bei ya shaba na ya kobalti katika soko la metali la London, pamoja na thamani ya dola kwa franka. Inaweza kumwalika mwalimu wa hesabu jioni mbili kwa wiki afundishe asilimia, mizani na namna ya kutunza daftari la mauzo, tena kwa Kiswahili, kwa watu ambao shule waliiacha wakiwa darasa la nne. Hii ni huduma ya maktaba sawasawa na kuazima kitabu. Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi, na Oktoba mwaka huohuo ikaweka mfumo wa mgawo wa kuuza nje kwa kila kampuni. Amri kama hiyo inamgusa hata mama anayeosha mawe kando ya Ziwa Malo. Mara nyingi humfikia kama uvumi, bei ikiwa imeshaanguka na mnunuzi akiwa ameshapata faida yake.

Sheria nazo zina hali hiyohiyo. Amri ya Mei 2011 inataka kila mkataba wa maliasili uchapishwe ndani ya siku 60 tangu uanze kutumika. Mikataba mingi imechapishwa kweli, na iko kwenye intaneti. Lakini hebu fikiria kijana mwenye simu yenye kioo kilichopasuka na megabaiti za kuhesabu, akishusha faili la mamia ya kurasa za Kifaransa cha mawakili. Kisheria jambo liko wazi kwa wote. Kwake bado limefungwa. Kinachokosekana hapo ni kazi ya mkutubi: kuuchapa mkataba, kuujalidi, kuupa namba rafuni, na kuandika kurasa nne za Kiswahili mwanzoni zinazosema nani amesaini na nani, kwa ardhi ipi, kwa muda gani, na wakazi wameahidiwa nini. Kisha ndani ya jalada iandikwe namba ya ukurasa ambao fidia ya nyumba na mashamba imetajwa, kwa sababu huo ndio ukurasa ambao watu watauliza.

Naomba hapa nieleweke. Mkutubi si wakili, wala si mwanasiasa. Ripoti ya Amnesty International ya Septemba 2023 juu ya watu waliohamishwa kutoka mtaa wa Cité Gécamines na kwingineko kupisha migodi itawekwa rafuni, na majibu ya makampuni yatawekwa kando yake, rafu ileile, bila maandishi ya pembeni ya kumwambia msomaji amwamini nani. Maktaba ikianza kuchagua upande, nusu ya mji itaacha kuingia, na nusu nyingine itaingia kutafuta inachokijua tayari.

Nimegusia lugha, nataka nikae hapo kidogo. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Kila mmoja wenu anajua kwamba Kolwezi inanunua, inaomba, inagombana na inazika kwa Kiswahili. Lakini mtu akisema "maktaba", picha inayotujia ni ya vitabu vya Kifaransa, kana kwamba Kiswahili cha Katanga hakijawahi kuandika chochote. Kimeandika. Mwaka 1965 mtu aitwaye André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kama walivyoiona watumishi wa nyumbani, watu waliopika, wakafua na kulea watoto wa Wazungu huku wakisikia kila kilichosemwa mezani. Aliiandika kwa Kiswahili cha hapahapa, ikapigwa taipu na kurudufiwa kwa ajili ya chama cha watumishi wenyewe. Haikupita mikononi mwa mchapishaji wala mhariri.

Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipotaka kuichapisha tena, ikatoka mwaka 1990, alikwama. Maneno yalikuwa yameunganishwa au kukatwa mahali pasipotarajiwa, na alama za kituo hazikumsaidia msomaji. Aliyemwokoa ni Kalundi Mango, mzungumzaji wa Kiswahili hichohicho, ambaye aliisoma kwa sauti. Iliposikika, ikaeleweka. Yale yaliyoonekana kama makosa kwenye karatasi yalikuwa pumzi na mpigo wa mtu anayesimulia.

Kwangu mimi, tukio hilo linatufundisha kuhusu maktaba zetu zaidi ya miongozo mingi iliyoandikwa mbali. Maandishi ya watu wetu yanataka kusikika. Basi maktaba ya Kolwezi isiwe na ukumbi wa kimya peke yake, wenye kibao cha "Nyamaza". Iwe na chumba cha pili, chenye mlango unaofungwa vizuri, ambamo mtu anasoma kwa sauti na wengine wanasikiliza, wanakatiza, wanasahihisha, wanaongeza. Kinasasauti kiwe mezani. Jumamosi moja isomwe kazi ya Yav, Jumamosi nyingine mkataba wa kampuni, nyingine tamthilia. Wakazi wa Lubumbashi wanalikumbuka kundi la Mufwankolo, lililotunga michezo yake kwa Kiswahili bila kuandika mswada, likijadiliana na kufanya mazoezi hadi mchezo ukasimama. Njia ile inafaa kwa vijana wetu ambao wana mengi ya kusema lakini kalamu inawaogopesha.

Vitabu kutoka Dar es Salaam na Nairobi navyo vije, kwa wingi. Mtoto wa Manika, hapa mjini, ana haki ya kumsoma Shaaban Robert, na akikutana na Kiswahili kisichofanana na cha nyumbani atakizoea, kama tulivyozoea cha redioni. Ninachokataa ni kulifanya somo hilo kuwa adhabu. Masimulizi ya bibi wa Musonoi yakirekodiwa, yaandikwe kama alivyoyasema. Asiwepo mtu wa kumsahihisha bibi.

Na tuna mengi ya kurekodi. Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya kampuni ya madini ya Union Minière, na kwa vizazi viwili maisha yake yote yaliandikwa katika karatasi za kampuni: kitabu cha kazi, kadi ya posho, kadi ya hospitali, ripoti ya shule ya mtoto. Kuanzia 1957 kampuni ilikuwa na gazeti lake, Mwana Shaba, na baadaye toleo la vijana, Mwana Shaba Junior. Hapa Ruwe, mwaka 1953, Padre Placide Tempels alianza na wafanyakazi na wake zao ile harakati ya Kikatoliki ya Jamaa iliyoenea Katanga nzima, ambayo mafundisho yake yalitolewa kwa Kiswahili. Sehemu kubwa ya kumbukumbu hizi iko nje. Nyaraka za Union Minière zinatunzwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji mjini Brussels. Mafundisho ya Jamaa aliyorekodi Fabian miaka ya 1960 yaliwekwa na watafiti wa Amsterdam katika hifadhi ya intaneti. Nawashukuru walioyatunza. Lakini nakala lazima zirudi, na kuziomba ni barua moja tu ambayo mkutubi anaweza kuandika wiki ijayo.

Iliyobaki iko majumbani mwenu, katika sanduku la bati chini ya kitanda. Maktaba itangaze siku ya karatasi. Baba aje na kadi yake ya Gécamines, kampuni iliyorithi Union Minière, na picha ya timu ya mpira ya kambi, na barua ya kuachishwa kazi. Kila kitu kipigwe picha mbele ya macho yake, aulizwe hao walio pichani ni akina nani, majina yaandikwe, halafu arudi nyumbani na karatasi zake zote. Nasisitiza hilo la mwisho. Mtu akiona karatasi ya jirani imebaki kwenye droo ya ofisi, hakuna atakayeleta tena. Lubumbashi walipita njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika mradi wa Mémoires de Lubumbashi. Wanahistoria kama Donatien Dibwe dia Mwembu wa chuo kikuu waliwakusanya wakazi wa kawaida kuusimulia mji wao, na vyombo vya nyumbani vikaonyeshwa makumbushoni kama ushahidi wa historia. Kolwezi ina Chuo Kikuu chake sasa. Wanafunzi wa historia wapo. Kazi ipo.

Kuna kumbukumbu zinazouma, nazo zisirukwe. Mei 1978 vita viliingia mjini, na kuna familia hapa ambazo hadi leo hazizungumzii siku zile mbele ya watoto. Mwaka 1992 na 1993 majirani wenye asili ya Kasai walifukuzwa. Walilala kwenye vituo vya treni, Likasi na hapa Kolwezi, wakingoja mabehewa, na wapo waliofia palepale. Chumba cha kusimulia kikifunguliwa, masimulizi hayo yatakuja. Mkutubi awe amejiandaa. Aliyefukuzwa asikilizwe, aliyebaki asikilizwe, kila simulizi itunzwe kwa masharti aliyoyaweka msimuliaji mwenyewe, hata kama sharti lake ni kwamba isisikilizwe kabla hajafa.

Sasa niseme juu ya vitabu vya msaada. Najua chanzo cha maktaba nyingi za Afrika ni kontena la vitabu. Linafika, linafunguliwa kwa hotuba, na ndani yake mna vitabu vya sheria ya kodi ya nchi nyingine, miongozo ya kompyuta zisizotengenezwa tena, na riwaya sita za aina moja. Mpokeaji anaona aibu kukataa, rafu zinajaa, na mtoto anayeingia mara ya kwanza anajifunza kwamba maktaba ni mahali pa vitu visivyomhusu. Maktaba iwe na karatasi moja, iliyosainiwa na kamati yake, inayosema inapokea nini na haipokei nini, na karatasi hiyo apewe mfadhili kabla hajafunga masanduku. Fedha za kusafirishia kontena moja zingeweza kununua vitabu vya watoto vya Kiswahili vilivyochapishwa Afrika Mashariki, pamoja na kazi za Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, na Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi. Mwanafunzi wa sekondari wa Kolwezi akigundua kwamba Tram 83, riwaya ya Mujila, imeandikwa na mtu aliyekulia saa chache tu kwa gari kutoka kwake, hasomi tena kwa namna ileile.

Jambo la saa za kufungua linaonekana dogo, ila ndilo linaloamua nani ataingia. Tangu elimu ya msingi ya serikali ilipofanywa bure, Septemba 2019, madarasa yamefurika, na watoto wengi hawana mahali pa kufanyia kazi za nyumbani. Maktaba inayofungwa saa tisa alasiri imewafungia nje watoto hao, na baba zao walio zamu ya mchana, na mama zao walio sokoni. Ifunguliwe hadi saa mbili usiku. Mtaniuliza juu ya umeme. Kolwezi ndiko inakoishia laini ya umeme iliyojengwa kutoka bwawa la Inga, zaidi ya kilomita 1,700, ikakamilika mwaka 1982 kwa ajili ya migodi. Na hapa karibu, juu ya mto Lualaba, kuna mabwawa ya Nzilo na Nseke. Waya zinapita juu ya vichwa vya watoto wanaosomea tochi ya simu. Maktaba isisubiri haki ya kupata umeme huo itimie. Iwekewe paneli za jua na betri. Huko Kitengesa, kijiji cha Uganda karibu na Masaka, maktaba ya jamii iliyoanza mwaka 1999 ilitumia umeme wa jua, na wanafunzi wakafuata taa. Walifanya na jambo la pili ambalo nawaomba tuliige: wanafunzi wa sekondari walifanya kazi maktabani kwa saa kadhaa, na kwa kazi hiyo wakalipiwa ada. Mtoto alilipwa kwa kupanga vitabu na kuwasomea wadogo zake. Katika mji ambao watoto wamelipwa kwa kupepeta mawe, nadhani hatuhitaji kueleza zaidi.

Fedha zitoke wapi? Wazee wanaikumbuka Gécamines iliyotoa shule, hospitali, unga na sinema. Mwaka 1986 ilizalisha tani 476,000 za shaba. Katikati ya miaka ya 1990 zilikuwa chini ya 50,000. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka katika ule mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Kila kilichokuwa cha kampuni kiliugua pamoja na kampuni. Kwa hiyo sitaki maktaba yenye nembo ya kampuni ukutani, hata kampuni ikiwa na moyo mwema. Maktaba iwe ya mji, na fedha zake zitoke pale ambapo sheria imeshaziweka.

Sheria ya Migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 mamlaka za chini ambako mgodi uko, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Mbali na hayo, kila kampuni lazima itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi. Kampuni ikiuza kwa dola bilioni moja, hiyo ni dola milioni tatu kwa mwaka. Vilevile kuna daftari la masharti, hilo ambalo wote tunaliita cahier des charges, ambamo kampuni na jamii hukubaliana miradi ya miaka mitano. Wanaokaa katika mazungumzo hayo huomba shule, kisima, zahanati, barabara. Ni maombi halali kabisa. Lakini sijaona sababu ya maktaba kukosekana katika orodha ya mji unaotoa kobalti kiasi hiki.

Na inapoombwa, iombwe vizuri. Jengo ndilo kampuni hupenda kutoa, kwa sababu jengo linapigwa picha siku ya ufunguzi. Ombi letu liandikwe kwa mpangilio mwingine. Kwanza mishahara ya wakutubi wawili na mlinzi kwa miaka yote mitano, ilipwe kupitia mfuko wa jamii. Pili fungu la kila mwaka la kununua vitabu, linalosimamiwa na kamati yenye walimu, wachimbaji, akina mama wa soko na wanafunzi. Tatu kila ripoti ya mazingira, ya afya na ya kijamii ambayo kampuni inaiandika juu ya eneo hili, nakala moja ya karatasi ifikishwe maktabani ndani ya siku 30, pamoja na muhtasari wa Kiswahili uliolipiwa na kampuni yenyewe. Jengo liwe la nne. Hadi litakapojengwa, ukumbi wa parokia au darasa lililo wazi jioni linatosha, mradi pawe na meza, taa, ubao wa bei mlangoni, na mtu mwenye ufunguo anayefika kwa wakati.

Kuhusu makala ya Kasulo, nina pendekezo ambalo halingoji daftari lolote. Profesa Banza na wenzake wa chuo kikuu wako Lubumbashi, mwendo wa siku moja kwenda na kurudi. Waalikwe. Kabla hawajaja, walimu wa Kiingereza na wa biolojia wa hapa mjini wakae pamoja jioni chache, wayageuze makala yale kuwa kurasa sita za Kiswahili cha Kolwezi, zikiwa na namba zote na bila kupunguza uchungu wowote. Siku watafiti watakapofika, zisomwe kwa sauti mbele yao na mbele ya wakazi wa Kasulo, ukurasa kwa ukurasa, na maswali yaanzie kwa mama waliokuwepo siku chupa zile zilipopitishwa.